Kicheko Mezani pa Kamari: Maoni Juu ya Filamu "Tazza"

Miongoni mwa filamu za Korea Kusini zinazotazamwa na kusimuliwa tena na tena ni ile iitwayo Tazza, iliyotolewa mwishoni mwa Septemba 2006 na mwongozaji Choi Dong-hoon. Ni filamu ya kamari. Ndani yake watu wanaibiwa, wanaharibiwa mikono, wanauawa; na kwa sehemu kubwa ya muda huo watazamaji wanacheka. Jambo hili la mwisho ndilo linalotufanya tuandike. Baadhi ya ndugu zetu, wakisikia kwamba maangamizi ya watu yamefanywa kichekesho, huamua mara moja kwamba kazi ya namna hiyo haistahili kujadiliwa katika kurasa kama hizi. Wengine, hasa vijana, hujibu kwamba kicheko ni kicheko tu, na anayetafuta zaidi katika sinema anajisumbua bure. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Tunaona kwamba katika Tazza mzaha na usimulizi ni vyombo vya kazi kama karata zenyewe: wezi wa filamu hii huiba kwa kuchekesha na kwa kusimulia. Swali tunalouliza ni kama filamu inajua kwamba nayo inatufanyia vivyo hivyo sisi tulioketi mbele yake.

Neno tazza ni jina la mtaani la bingwa wa kamari ambaye ubingwa wake umo katika udanganyifu. Hadithi imetokana na riwaya ya michoro iliyochorwa na Huh Young-man na kuandikwa na Kim Se-yeong, ambayo ilianza kutoka gazetini mwaka 1999. Katika michoro ile mambo yalitokea miaka ya baada ya vita vya Korea; Choi ameyahamishia miaka ya 1990, wakati nchi ile ilipokuwa na fedha nyingi na haraka nyingi. Mchezo unaochezwa ni wa karata za hwatu, maana yake vita vya maua. Ni karata 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka, na kila mwezi una mmea wake: Januari msonobari, Machi maua ya cheri, na kuendelea. Karata hizi zilitoka Japani, na chimbuko lake huko ni karata zilizoletwa na mabaharia wa Kireno katika karne ya 16. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba Wajapani huziita karuta, na sisi tunasema karata, kwa kuwa mwalimu wetu alikuwa mmoja. Kopa, uru, shupaza na pau za barazani kwetu ni maneno ya Mreno huyo huyo.

Katika filamu karata 20 tu ndizo zinazotumika, za miezi 10 ya kwanza, na kila mchezaji hupewa mbili. Mwenye jozi humshinda asiye na jozi, jozi ya kumi huishinda jozi ya tisa, na zipo chache za pekee zinazopita zote. Mchezo ni mfupi mno. Hakuna nafasi ya kupanga hatua nyingi kama katika bao au dama. Basi yanayobaki kuamua ni uso, ulimi na dau: nani atamshawishi nani kwamba anacho asichonacho. Kwa sababu hiyo mwandishi wa hadithi za kamari ya aina hii hana budi kuwa mwandishi wa mazungumzo, na Choi ni hodari wa mazungumzo kuliko waongozaji wengi wa kizazi chake.

Hadithi yenyewe inaanza pasipo na kicheko. Goni (Cho Seung-woo) ni kijana wa kiwanda cha samani. Anavutwa kwenye mchezo wa wenzake kazini, anapoteza akiba yake, kisha anachukua kwa siri fedha za dada yake, ambazo dada alizipata alipoachana na mumewe, naye anazipoteza zote. Baadaye anagundua kwamba hakushindwa kwa bahati mbaya: waliokuwa mezani walikuwa kundi moja. Anakimbia nyumbani, anakutana na mzee Pyeong (Baek Yoon-sik), bingwa asiye na mfano, na kumsihi amfundishe. Anaahidi kwamba akiisha kupata mara 5 ya alichopoteza ataacha. Mzee anamtazama kama mtu aliyekwisha kuisikia ahadi hiyo kwa wengine.

Hapa tunaomba msomaji atue kidogo, kwa maana filamu nzima imejengwa juu ya fedha za yule dada. Ni fedha za aina gani? Ni malipo ya ndoa iliyovunjika. Mwanamke ameuza, kwa namna ya kusema, miaka yake iliyopotea, na hicho alichopewa ndicho ndugu yake anachokiweka mezani katika usiku mmoja. Choi haongezi muziki wa huzuni wala hotuba. Anaonyesha kijana aliyechanganyikiwa, kisha anaendelea mbele. Uchache huo wa maneno una nguvu. Lakini pia ndio mwanzo wa deni ambalo, kama tutakavyosema, filamu hailipi kikamilifu.

Fundisho la mzee Pyeong linalokumbukwa zaidi ni kwamba mkono una kasi kuliko jicho. Tunapoitazama kazi ya wanafunzi wake, lakini, tunaona kwamba mkono haufanyi kazi peke yake hata mara moja. Mwenzake Goni ni Go Gwang-ryeol, anayechezwa na Yoo Hae-jin, mtu mwenye uso wa kawaida na mdomo usiopumzika. Anaongea akichanganya karata, anaongea akigawa, anaongea akipoteza kwa makusudi. Anajidharau mwenyewe, anawatania wenye fedha, anauliza habari zisizo na maana. Ukumbi wote hucheka, na sisi pamoja nao. Mchezaji aliye mbele yake anamchukulia kuwa mpumbavu mwenye moyo mwema. Na mtu akiisha kumcheka mwenzake humwona hana hatari. Wakati huo Goni anafanya analolifanya. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Gwang-ryeol ameugeuza ujinga kuwa vazi, na mwerevu anayelicheka vazi hilo ndiye anayeondoka mikono mitupu. Yafaa tuseme wazi kwamba huyu ndiye mhusika anayependwa kuliko wote, na ndiye mwenye moyo kuliko wote. Anajua kuacha. Mkono wake unapoharibiwa na Agwi, kicheko chake chote cha nyuma kinaturudia kwa uchungu.

Msimulizi wa filamu ni Madam Jeong (Kim Hye-soo). Yeye ndiye mpangaji: hutafuta wanaume wenye fedha, huwajua udhaifu wao, huwaandalia chumba na wachezaji, huku akiwa mwenyeji mpole. Kwamba sauti inayotuongoza katika hadithi ni yake si jambo dogo. Tunapewa habari za Goni na mwanamke ambaye kazi yake ni kuwapa watu habari wanazotaka kuzisikia. Nyakati zimechanganywa, matukio ya baadaye yanatangulia, na filamu imegawanywa katika sura zenye vichwa kama kitabu. Nasi tunamwamini kwa sababu sauti yake ni tulivu na ana maneno ya kuchekesha. Tunachelewa kutambua kwamba kifo cha mzee Pyeong, ambacho Goni alidhani ni kazi ya Agwi, kilitoka mkononi mwake. Hadithi ilikuwa imechanganywa na mgawaji mwenye nia yake.

Kichekesho chake maarufu kinastahili neno katika jarida la watu wa kanisa. Polisi wanapovamia nyumba ya kamari, Madam Jeong anajitetea kwa hasira kwamba yeye ni mhitimu wa Ewha. Wakorea hucheka kwa kulisikia jina hilo tu. Shule ya Ewha ilianzishwa Seoul mwaka 1886 na mmisionari wa Kimethodisti kutoka Marekani, Mary Scranton, kwa mwanafunzi mmoja, katika nchi ambayo binti kwenda shule halikuwa jambo la kufikirika; leo ni chuo kikuu cha wanawake chenye heshima kubwa. Kwa hiyo mwanamke anayekamatwa akichezesha kamari anatafuta kinga katika jina lililojengwa na wamisionari. Kama kweli alisoma huko hatuonyeshwi. Tunachoonyeshwa ni kwamba heshima ya chuo, ikiisha kuwa cheo cha kujitambulisha, inaweza kuwekwa mezani kama dau lingine lolote. Wenzetu wanaojivunia vyuo vyao, sisi wenyewe tukiwamo, wacheke kwa uangalifu.

Kuna kichekesho kingine ambacho mgeni asiyejua historia hawezi kukisikia. Kwak Cheol-yong, mkubwa wa genge anayechezwa na Kim Eung-soo, yumo garini. Dereva anasema barabara huenda ikawa na msongamano, naye anamuuliza kwa ukali kama daraja la Mapo limeanguka. Tarehe 21 Oktoba 1994 daraja la Seongsu, mojawapo ya madaraja ya mto Han mjini Seoul, lilikatika asubuhi na watu 32 walikufa. Mtazamaji wa Seoul wa mwaka 2006 hakuhitaji kuambiwa. Katika sentensi moja ya mzaha yamo majonzi ya mji na hasira juu ya kazi zilizofanywa kwa haraka na kwa udanganyifu, na inatamkwa na mtu ambaye mwenyewe anaishi kwa udanganyifu. Huu ndio uandishi bora.

Lakini tazama yaliyolipata baadaye. Mnamo mwaka 2019, miaka 13 baada ya filamu kutoka, maneno ya Kwak yalianza ghafula kusambaa miongoni mwa vijana wa Korea, hasa pale anapotaka dau lizikwe na kuwekwa maradufu. Mwigizaji akawa anatafutwa na makampuni ya matangazo ya biashara. Sentensi ya mtu anayekaribia kuangamia kwa tamaa ikawa sentensi ya kuuzia vyakula. Hatumlaumu mwigizaji, wala watazamaji. Tunaona tu jinsi kicheko kilivyo chepesi kuchomolewa kutoka katika mwili wa hadithi: kinabebeka, na maumivu yaliyokizaa yanaachwa nyuma.

Sasa tufike penye kiini, yaani pambano la mwisho kati ya Goni na Agwi (Kim Yoon-seok). Agwi ni mtu wa kutisha anayezungumza kwa lafudhi ya mkoa wa Jeolla, na lafudhi hiyo, ambayo katika sinema nyingi za Korea hutumika kwa vichekesho, hapa inachekesha na kuogofya kwa pamoja. Yeye hushika mikono ya wezi. Adhabu yake ni kuivunja. Wamo ndani ya meli. Goni anagawa karata. Ghafula Agwi anaushika mkono wake na kusema ameona: Goni amechomoa karata ya chini. Kisha anaanza kueleza. Mimi, asema, umenipa jozi ya tisa ili nijione mshindi. Madam Jeong unataka kumpa jozi ya kumi ili aninyang'anye kila kitu. Karata hii unayotaka kumpa ni kumi. Anawaita wote mezani wawe mashahidi.

Goni anajibu kwa tusi na kwa kejeli kwamba bwana huyu anatunga mchezo wa sinema. Ukumbi hucheka, kwa sababu ni sinema kweli. Hata hivyo neno hilo ni zito kuliko kicheko chake. Agwi ametunga. Jozi ya tisa aliyonayo ni kweli. Kwamba alimwona Goni akichomoa karata huenda nako ni kweli. Watazamaji wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi, nasi tunaelekea upande wa wale wanaosema aliona sawasawa. Lakini kutoka katika mambo mawili ya kweli amejenga la tatu ambalo hakuliona, na kwa kuwa hadithi yake imekaa vizuri, kila kipande mahali pake, anaiamini kuliko macho yake. Anaweka dau la mali yake yote pamoja na mkono wake. Karata inafunuliwa. Ni maua ya cheri, karata ya Machi, ambayo wachezaji huiita kwa jina la Kijapani, sakura. Haimpi Madam Jeong jozi yoyote. Na katika lugha ya mitaani ya Korea sakura ni pia mtu bandia, hasa mwanasiasa anayejifanya mpinzani ilhali ni wa serikali. Kwa hiyo karata yenyewe inamwambia Agwi jina la alichokiamini. Anabaki akilia kwamba aliona, aliona kwa macho yake; nyundo inashuka. Goni anamuuliza kama hakufundishwa kutoweka dau asipokuwa na hakika.

Hatujaona katika sinema mahali pengine ambapo kosa la mfasiri limeonyeshwa kwa usahihi huu. Wanafunzi wa tafsiri ya Maandiko wataitambua njia ya Agwi bila kuonyeshwa. Anaanza na lililoandikwa, anaongeza ujuzi wake mrefu wa mambo ya namna hiyo, anafikia maana iliyo nzuri mno kuwa si kweli, kisha anaiapia. Wala hakuwa mvivu au mjinga. Ni kwa sababu amezisoma hila nyingi ndiyo maana hila iliyomngoja ilikuwa ni usomaji wake mwenyewe. Goni hakuhitaji kumdanganya juu ya karata. Alimwachia nafasi ya kusimulia, na msimulizi akajinasa. Nabii Nathani alimnasa mfalme kwa njia inayokaribiana na hiyo, ingawa kwa kusudi lililo mbali na hili kama mbingu na nchi: alimpa hadithi, na mfalme akatoa hukumu kabla hajajua inamhusu nani.

Basi, je, Choi naye anatuachia sisi nafasi ya kujinasa? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mara nyingi tunapocheka, baada ya dakika chache filamu hutuonyesha ni nani aliyelipia kicheko hicho. Mtazamaji makini atajikuta amekaa mahali pa yule anayeliwa mezani, ambaye Wakorea humwita hogu. Hata hivyo tuna malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba wale wanaoliwa katikati ya filamu, wanaume wa fedha wanaoletwa na Madam Jeong, hawana nyumba. Wanakuja wakiwa vichekesho na kuondoka wakiwa vichekesho. Tulipewa dada mmoja mwanzoni. Kila mmoja wa hawa naye ana dada, au mke, au watoto, na filamu haiwafuati hata hadi mlangoni. Kama wizi dhidi ya Goni ulikuwa msiba na wizi wa Goni ni burudani, tofauti ni kwamba mmoja tulimjua jina. La pili ni mwisho wenyewe. Goni anachoma sehemu ya fedha mbele ya Madam Jeong, na nyingine zinapeperushwa na upepo kutoka kwenye garimoshi, jambo linaloonekana kama hukumu. Lakini kisha tunamwona yu hai, ugenini, mezani tena, mzuri wa uso na mchangamfu. Ile ahadi ya mara 5 imesahauliwa, na filamu inamsamehe kwa sababu anapendeza.

Wapo watakaotukumbusha wakili dhalimu wa Injili ya Luka, sura ya 16, ambaye naye ni mjanja na naye anasifiwa. Ni pingamizi zuri. Sungura wetu wa ngano za jioni naye angeweza kuitwa shahidi. Tunajibu kwamba mfano wa wakili hauishi katika sifa. Maneno yanayofuata yanamgeukia msikilizaji na kumuuliza habari za mali yake mwenyewe, na ndiyo maana haujawahi kuwa mfano wa kustarehesha kuuhubiri. Tazza katika dakika zake za mwisho haitugeukii. Inatukonyeza. Mwendelezo wake wa mwaka 2014 na ule wa 2019, ulioongozwa na watu wengine, ulichukua mkonyezo huo na kuacha yaliyobaki, na kwa maoni yetu zote mbili ni dhaifu kwa sababu hiyo.

Filamu hii ilipata watazamaji kwa mamilioni nchini mwake, na ilitolewa siku chache kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, ambapo familia nyingi za Kikorea hukusanyika na kucheza hwatu zilezile kwa sarafu ndogo, bibi na wajukuu pamoja. Haifai kuonyeshwa kwa vijana wadogo. Korea yenyewe iliiruhusu kwa watu wazima tu, kwa ajili ya ukatili na mambo ya faragha. Kwa mwanafunzi mtu mzima atakayeipata tunashauri aitazame meza ya mwisho mara mbili: mara ya kwanza kama ilivyo, na mara ya pili akiwa amezima sauti, akiangalia mikono ya kila aliyeketi na sio ya Goni peke yake.